Kadi ya taulo na bili ya stima

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi. Si kwamba nimewasahau, kazi zilinibana. Nilikuwa kwa mteja hapa Nakuru, hoteli ya vyumba 24 (jina naliweka kando) ambayo niliiandikia programu ya kuweka nafasi za vyumba. Lakini leo sitaki kuongea habari za programu. Nataka kuongea kuhusu kile kikadi.

Mnakijua. Unaingia bafuni unakuta kadi yenye picha ya jani: okoa mazingira, tumia taulo yako tena. Sina ugomvi na kurudia taulo, nyumbani mimi hurudia wiki nzima (msimwambie mama). Ugomvi wangu ni kwamba mgeni anaombwa aokoe wakati mwenye hoteli hajui hata stima yake inakwenda wapi. Wala malalamiko haya si mapya. Mmarekani Jay Westerveld, aliyebuni mwaka 1986 neno la Kiingereza la kuwasema wanaojipaka rangi ya kijani bila kubadilika, alikuwa anazungumzia kadi hizo hizo za taulo!

Sasa kisa chenyewe. Bili ya stima ilikuwa imepanda, na mzee mwenye hoteli alikuwa ameshaamua mkosaji ni nani: akina mama wa dobi na pasi zao. Mwezi ukiisha bili haijashuka, akasema, tofauti itakatwa kwenye mishahara. Nilikuwa nimekaa pale mapokezi na laptopu yangu mama mmoja wa dobi akanijia. "Wewe kijana wa kompyuta, hiyo mashine yako haiwezi kusema ukweli?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni.

Mita ya stima ina kitaa chekundu kinachopepesa. Kwenye ile ya hoteli, kila mipepeso 1000 ni uniti moja, na imeandikwa kwenye uso wa mita. Angalia ya kwako. Nikabandika kihisi cha mwanga juu ya kitaa, nikakiunganisha na Raspberry Pi, nikaandika mistari kama 40 ya Python, nikaacha siku kumi. Kisha nikaweka grafu ya stima kando ya orodha ya wageni kutoka kwenye programu yangu.

Mchana pasi zilionekana, ndiyo, kama vilima vidogo. Lakini kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri hoteli ilikuwa inakula kama uniti 14 kila usiku, wawe wageni watano au thelathini. Hapo ndipo nilipojua si watu. Mtu anayeoga huonekana kwenye grafu, na wageni wakipungua matumizi hupungua.

Fundi wa mabomba akanionyesha. Kuna pampu inayozungusha maji moto kwenye mabomba ya ghorofa zote ili ukifungua bomba usisubiri. Inazunguka saa 24, na mabomba hayajafunikwa na chochote. Nakuru iko karibu mita 1850 juu ya bahari, usiku wetu mnaujua. Yaani walikuwa wanapasha joto kuta. Na kinachouma zaidi, juu ya paa kuna mitambo ya jua ya kupasha maji, ya aina iliyotakiwa na kanuni za serikali za mwaka 2012 kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku. Jua linapasha maji mchana kutwa, pampu inayapoza usiku kucha, halafu stima inayapasha upya. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji uniti 4.65 hivi (fizikia ya sekondari tu), kwa hiyo uniti 14 ni lita 300 za maji moto ambayo hakuna aliyeyaoga.

Kuna atakayesema stima ya usiku Kenya ni safi, ni mvuke wa Olkaria, kuna ubaya gani? Ni kweli, mvuke wa ardhini ndio chanzo chetu kikubwa kuliko vyote, na mtambo wa kwanza uliwashwa Olkaria mwaka 1981. Ungekuwa na tangi kubwa lililofunikwa vizuri, ningekuambia pasha usiku. Lakini hapa tunachukua joto la ardhi, tunaligeuza stima, tunaisafirisha, tunaigeuza joto tena, tunaliacha ukutani. Huko Menengai, juu tu ya mji wetu, GDC walishajenga sehemu ya majaribio ambapo mvuke unatumika moja kwa moja: kupasha joto vibanda vya mimea, kuchemsha maziwa, na hata kufua nguo. Dobi ya mvuke! Kwa nini hoteli zetu hazijadi mabomba ya namna hiyo, sielewi. Kule Bogoria kuna hoteli yenye bwawa la kuogelea linalopata joto lake kutoka chemchemi, na haihitaji kadi kumweleza mgeni.

Sisi waandishi wa programu tuna desturi moja: programu ikiwa nzito, huanzi kuiandika upya kwa kukisia. Unapima kwanza, kwa sababu mahali unapodhani ndipo penye shida mara nyingi sipo. Hoteli hufanya kinyume. Hununua taa mpya, huchapisha kadi, hukata mishahara, halafu hushangaa bili.

Mzee alinyamaza muda mrefu mbele ya grafu. Kisha akamtuma fundi anunue swichi ya saa ya kuzima pampu usiku, na sponji ya kufunika mabomba. Habari ya mishahara haikutajwa tena. Haikutajwa kwa kuomba radhi pia, niseme ukweli. Akina mama wa dobi wamebandika ile grafu ukutani, juu ya meza ya pasi. Kadi za taulo bado ziko bafuni. Jumamosi narudi kusoma mita.

Wewe je, umeshawahi kuangalia kitaa cha mita yako saa nane usiku?