Mliokoa Mti, Mkasahau Nyigu

Novemba 2020 Nairobi ilishangilia. Mugumo wa Waiyaki Way, mti wa karibu miaka 100, ulikuwa ung'olewe kupisha Expressway. Watu wakapiga kelele, amri ya rais ikatoka, mti ukabaki. Kila mtu akaposti picha. Poa sana. Lakini sherehe zilianza kabla kazi haijaisha.

Mugumo hauishi peke yake. Ushawahi kuona ua lake? Huwezi. Maua yamefungiwa ndani ya tunda, na mwenye kujua mlango ni nyigu mmoja, mdogo kuliko punje ya mchele. Jike hupenya kwenye kitundu chembamba hadi mbawa zinakatika. Humo ndani anapaka maua chavua aliyokuja nayo, anataga mayai, anakufa. Watoto wake wanakulia humo humo. Madume hawana mbawa: wanajamiiana na majike, wanawatobolea njia ya kutokea, basi, maisha yao yameisha. Majike wanaruka na mzigo wa chavua.

Hapo ndipo shida inaanza. Jike ana siku moja au mbili za kuishi. Matunda ya mti mmoja kwa kawaida huiva pamoja, kwa hivyo pale alipozaliwa hakuna tunda changa la kumpokea. Lazima apate mugumo mwingine, wa aina ileile, ulio tayari siku hizo hizo. Upepo unaweza kumbeba kilomita nyingi, sawa, lakini upepo haupandi miti. Akikosa pa kutua, chavua inapotea naye. Na mugumo usiofikiwa na nyigu huangusha matunda yake mabichi. Ndege na popo wanalala njaa.

Kwa hivyo ukiniambia mti umeokolewa, nitakuuliza: majirani zake wako wapi? Mugumo unaokatwa nyuma ya ploti ili apatimenti ipate parking hauna hashitegi wala amri ya rais. Ukiupoteza huo, ule wa Waiyaki Way unakuwa sanamu yenye majani.

Serikali nayo inatuahidi miti bilioni 15 kufikia 2032. Idadi tamu kwa hotuba. Nyigu hahesabu miche. Panda mikalitusi milioni, kwake ni jangwa tu. Hata mkuyu, ndugu wa mugumo, una nyigu wake mwenyewe.

Najua mtasema mizizi ya mugumo inapasua mabomba na kuta. Kweli. Basi usiupande kando ya geti lako. Kuna kingo za mito, kuna viwanja vya shule, kuna bustani za umma. Tunayo nafasi, tunaipa nyasi za kupigia picha.

Wakija tena kukata mti, tupige kelele ileile. Ila safari hii tusiende nyumbani wakishaukubali mmoja. Tudai wa pili, na wa kumi. Nyigu ana siku mbili tu, hawezi kungoja kamati.