Jina la Datsun ni la nani?

Kampuni ya Nissan imeliua jina la Datsun mara mbili. Mara ya kwanza uamuzi ulitangazwa mwaka 1981, na kufikia 1986 kazi ilikuwa imekwisha: magari yaleyale, kutoka viwanda vilevile, yakawa yanaitwa Nissan. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2022, baada ya jina hilo kufufuliwa na kuishi miaka tisa tu. Mara zote mbili wenye hati walikuwa na haki ya kisheria ya kufanya walivyofanya, na mara zote mbili wapo watu waliokataa kutii. Wakaidi hao wanachekwa kama watu wazima wanaocheza na vyuma vya zamani. Mimi naona wanajua jambo kuhusu majina ambalo sisi wa isimu tunafundishwa darasani, kisha tunaliacha mlangoni tunapokwenda kukusanya maneno.

Jina lenyewe lingefaa kuwa zoezi la kozi ya mofolojia. Herufi D, A na T zilitoka katika majina ya Den, Aoyama na Takeuchi, watu watatu waliomsaidia mhandisi Masujiro Hashimoto kutengeneza gari nchini Japani. Gari la DAT lilionekana mwaka 1914. Mwaka 1931 lilipokuja gari dogo zaidi likaitwa Datson, yaani mwana wa DAT, kwa kuazima neno la Kiingereza. Lakini katika Kijapani silabi hiyo ya mwisho husikika kama neno lenye maana ya hasara, na ni mfanyabiashara gani atauza gari lililobeba hasara ndani ya jina lake? Muda mfupi baadaye wakabadili irabu moja: o ikawa u, na mwana akageuka kuwa jua, kwa Kiingereza kilekile cha kuazima. Nissan, kwa upande wake, ni kifupi cha Nihon Sangyo, maana yake viwanda vya Japani. Jina la ofisi. Sishangai kwamba hakuna aliyelipenda kwa namna ileile.

Afrika ya Mashariki ililijua jina la Datsun kwa njia ya mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi zikapita katika nchi tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na tope ambavyo magari mengi ya Ulaya hayakuvimudu. Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun mwaka 1970, akarudia 1971 kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alifungana pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun, na ushindi ukapewa Mehta. Kisha Mehta na msomaji wake wa ramani, Mike Doughty, wakashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi mara tano kwa dereva mmoja: hakuna aliyempita. Tazama tarehe hizo vizuri. Uamuzi wa kulifuta jina ulitangazwa katikati ya ule mfululizo wa ushindi, wakati watu kando ya barabara walikuwa wangali wakilishangilia.

Ndiyo maana hadi leo Kenya ina watu wanaotunza 1200, 160J na 240Z, wanaotafuta vipuri nchi hadi nchi, na tangu mwaka 2003 mbio za Safari Classic zimekuwa zikiyarudisha magari ya enzi hiyo barabarani, Datsun zikiwemo. Mwambie mmoja wao kwamba gari lake ni Nissan, kwa kuwa kampuni ni ileile, uone atakavyokuangalia.

Watu hawa ndio walioshtuka zaidi jina liliporudishwa. Julai 2013, mjini New Delhi, Nissan ilionyesha Datsun Go, gari la bei nafuu lililokusudiwa kwa nchi kama India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Baadhi ya wapenzi walifurahi kuiona nembo tena. Wengi zaidi walinuna, na mwaka 2014 wakapata sababu: shirika la Global NCAP liliijaribu Go kwa kuigonga ukutani, ikapata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima walio ndani. Mwenye 240Z alijiuliza kama jina lililoshinda Safari linaweza kubandikwa juu ya kitu kama hicho na bado likawa jina lilelile.

Swali hilo si la fundi magari. Ni letu. Wanaosoma semantiki watamkumbuka Saul Kripke, ambaye katika mihadhara yake ya mwaka 1970 alieleza jina kama mnyororo: kitu hubatizwa mara moja, kisha kila msemaji hulipokea jina kutoka kwa aliyemtangulia, akikusudia kukitaja kitu kilekile. Kwa kipimo hicho mwenye 240Z ana hoja nzuri kuliko idara ya mauzo. Go haikupokea jina kutoka kwa mdomo wowote. Ilibatizwa upya, kwa sauti iliyookotwa kwenye hati. Kinyume chake tunakiona kwa Saab ya Uswidi. Kampuni ya magari ilifilisika Desemba 2011. Walionunua mali zake waliruhusiwa kutumia jina, na mwaka 2014 wakanyang'anywa ruhusa hiyo. Gari lilelile, kiwanda kilekile cha Trollhättan, na halina tena jina. Wapenzi wa Saab wanaendelea kuliita Saab, na sidhani kuna mwanaisimu atakayewaambia wanakosea sarufi.

Hadi hapo niko upande wa wapenzi kabisa. Basoko ndiyo iliyonifanya niwaache kidogo.

Wasomaji wa huku Kisangani wanajua kwamba Basoko hufikiwa kwa maji, ukishuka na mto hadi mahali Aruwimi inapoingia katika Kongo, na kwamba huko pikipiki ni nyingi na magari ni ya kuhesabu. Nilikuwa nikikusanya msamiati wa usafiri. Mzee mmoja, aliyekuwa dereva Isiro na Bunia enzi za Zaire, alinipa orodha ndefu ya majina ya vyombo, na kwa gari dogo lenye sehemu ya mizigo nyuma alisema kadasuni. Mbili? Tudasuni tubili. Nikamwonyesha gari la namna hiyo lililokuwa limeegeshwa karibu na bandari: kadasuni. Lilikuwa Toyota, na jina limeandikwa nyuma kwa herufi kubwa kama mkono. Akanijibu kwa upole kwamba kusoma anajua, ila gari la namna ile ndivyo linavyoitwa, na kama ninataka jina la kiwanda niende kiwandani.

Fikiria kilichotokea ndani ya neno hilo. Mfuatano wa ts, ambao Kiswahili chetu hakiupendi, umelainishwa kuwa s. Irabu imeongezwa mwishoni kuifungua silabi. Kisha limepewa viambishi vya ka- na tu-, ngeli ya vitu vidogo ambayo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimeishika kutoka lugha jirani na ambayo Kiswahili sanifu hakinayo. Jina la pekee limekuwa nomino ya kawaida, tena nomino iliyokamilika, yenye umoja, wingi na upatanisho. Kampuni haikuombwa ruhusa. Lakini mpenzi wa Datsun wa Nairobi naye hakuombwa, na nina hakika angekasirika: Toyota kuitwa Datsun ni kufuru kubwa kwake kuliko Datsun kuitwa Nissan.

Hapo Kripke peke yake hatoshi. Mwaka 1973 Gareth Evans alimpinga kwa mfano wa karibu na kwetu, Madagaska. Jina hilo lilikuwa la sehemu ya bara la Afrika; Marco Polo, kwa kuelewa vibaya, akalipeleka kwenye kisiwa, na baada ya karne kadhaa hakuna anayeweza kusema kwamba kisiwa kinaitwa hivyo kimakosa. Mnyororo ulipinda na watu wakaendelea kuushika. Mzee wa Basoko amefanya lililofanywa kwa Madagaska. Mpenzi wa magari anakilinda kitu. Mzee anakitumia chombo cha lugha, na kati ya hao wawili mimi, mwanafunzi wa lugha, najua kazi yangu iko wapi.

Tatizo ni kwamba kadasuni haimo katika orodha ya mwisho. Mmoja wa walimu aliipitia rasimu na kukata maneno yote yaliyotokana na nembo za biashara, akaandika pembeni kwamba hayo si msamiati, ni matangazo. Hoja yake si ya kijinga. Orodha ya maneno isiyochuja inaweza kugeuka ubao wa dukani. Lakini ni tangazo la nani? Hakuna anayeuza Datsun. Na kalamu aliyokatia maneno hayo, sote katika kitivo hiki tunaiita biki, kutoka Bic, jina ambalo Marcel Bich alilipata kwa kukata h ya ukoo wake mwenyewe kabla ya kuanza kuuza kalamu zake mwaka 1950. Hakuna mtihani wetu ambapo mtu ameinua mkono akaomba "kalamu ya wino wa kuviringika". Hali kadhalika Frigidaire, jina tunaloliona bila mawazo katika kila nyumba yenye umeme (umeme ukiwepo): kwa miaka 60 lilikuwa mali ya General Motors, kampuni ya magari, hadi likauzwa mwaka 1979. Na Watanzania wanaposema mafuso kwa malori ya ukubwa fulani, kiambishi cha ma- kimekwisha kutuambia kwamba neno limetoka mikononi mwa Mitsubishi.

Kuna sababu nyingine ya mimi kulishikilia jambo hili, na ni ya hapa nyumbani. Mji wetu uliitwa Stanleyville hadi 1966. Nchi ilikuwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Mkoa ulikuwa Haut-Zaïre, ukawa Orientale, na tangu 2015 tuna Tshopo. Kila mara jina lilibadilishwa ofisini, mengine kwa sababu nzuri sana, na kila mara midomo ilichukua muda wake, ikayaacha mengine na kuyabakiza mengine kwa maana mpya. Aliyesema hapo juu "enzi za Zaire" ni mimi, niliyezaliwa baada ya Zaire kwisha, na kila msomaji amenielewa. Hata Kiswahili chenyewe kilichofika hapa na misafara ya Tippu Tip kiliitwa Kingwana, jina ambalo vitabu vimeliacha kwa aibu na ambalo bado lingetueleza mengi kuhusu nani alijiona mwungwana mbele ya nani.

Ninachoomba idara ni kidogo. Maneno yaliyokatwa yarudishwe katika orodha, kila moja likiwa na safu tatu: nembo lilikotoka, kitu linachokitaja sasa, na ngeli linayochukua. Safu ya tatu ndiyo itakayoamua. Neno lisilobadilika, lisilokubali kiambishi, tuliache kama jina la biashara. Lililopata umoja na wingi limekwisha kuingia, hata kama kiwanda kimefungwa na wapenzi wanalalamika. Madereva wa umri wa yule mzee hawajabaki wengi kati ya Kisangani na Isiro, na rasimu ya pili tunaikabidhi kabla ya likizo kubwa.