Anayesubiri ini jipya asife kwa kutapika damu

Familia ikiambiwa kwamba ini la mgonjwa wao limejaa makovu na huenda likahitaji kubadilishwa, swali la kwanza ninaloulizwa ni hili: India ni shilingi ngapi? Siwalaumu. Figo zimeanza kupandikizwa Muhimbili tangu mwaka 2017, lakini kwa ini wagonjwa wetu bado hutazama nje ya nchi, na India ndiko wengi wanakoelekea. Kikao cha ukoo huitwa, shamba huuzwa, kundi la michango hufunguliwa kwenye simu. Katika pilikapilika hizo kuna jambo ambalo halijadiliwi: mgonjwa atafikaje siku ya safari akiwa hai?

Safari hiyo si ya wiki moja. Kule, mgonjwa wa kigeni kwa kawaida hupata ini kutoka kwa ndugu yake aliye hai, anayekatwa sehemu ya ini lake. Ndugu huyo lazima awe na kundi la damu linalofaa, apimwe afya yote, na udugu wao uthibitishwe kwa nyaraka mbele ya kamati, kama sheria yao inavyotaka. Weka juu yake pasipoti, kibali na fedha. Miezi hupita. Na katika miezi hiyo, moja ya mambo yanayoua kwa ghafla ni kupasuka kwa mishipa ya damu kwenye umio, yaani njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni.

Damu inayotoka kwenye utumbo na bandama hupita kwanza kwenye ini. Ini lenye makovu ni kama mtaro ulioziba taka wakati wa masika. Maji hutafuta njia ya pembeni. Damu nayo hukimbilia kwenye vimishipa vya umio na vya sehemu ya juu ya tumbo, ambavyo havikuumbwa kubeba presha hiyo. Huvimba, kuta zake hukonda, na siku moja hupasuka. Haviumi, kwa hiyo mgonjwa hawezi kujua kwamba anavyo. Takriban nusu ya watu wanaogunduliwa kuwa na makovu ya ini tayari wanavyo siku hiyo hiyo. Vikipasuka, hata penye huduma nzuri, kati ya wagonjwa 100, 15 hadi 20 hufariki ndani ya wiki 6.

Lakini hatari hii inaweza kupunguzwa sana kabla damu haijatoka, na kwa vitu ambavyo tunavyo nchini.

Cha kwanza ni endoskopi, kipimo cha kamera ndogo inayopitishwa mdomoni. Kama bandama imevimba na chembe sahani za damu ziko chini ya 150,000, muulize daktari wako lini utapimwa. Usisubiri India wakupime.

Cha pili ni kidonge cha bei nafuu, propranololi. Mwaka 1981 Didier Lebrec na wenzake huko Ufaransa walionyesha kwamba dawa hii hupunguza kutokwa damu kwa watu wenye makovu ya ini, na hadi leo jamaa yake, kavediloli, hutumika kwa kazi hiyo hiyo, wataalamu wengi wakiipendelea zaidi. Tatizo ni kwamba boksi likisomwa nyumbani, au jirani akiuliza, jibu ni kwamba hii ni dawa ya presha na ya moyo. Mgonjwa anajipima mkononi, anaona presha yake iko sawa, anaacha. Presha tunayoitafuta hapa ni ya ndani ya tumbo, kwenye mshipa unaoingia ini, na mashine ya mkononi haiioni.

Tunaanza na kiasi kidogo na kupandisha taratibu. Kwa propranololi tunalenga mapigo ya moyo 55 hadi 60 kwa dakika, huku namba ya juu ya presha isishuke chini ya 90. Mwenye pumu asipewe. Ukipata kizunguzungu, au maji ya tumboni yakizidi na mkojo ukipungua, rudi kliniki dawa ipunguzwe au isimamishwe na daktari. Kuiacha ghafla kwa uamuzi wako ni hatari.

Cha tatu ni kufunga mishipa hiyo kwa vipete vidogo vya mpira wakati wa endoskopi. Aliye na mishipa mikubwa lakini hajawahi kutokwa damu anaweza kupewa dawa au kufungwa. Aliyekwisha kutapika damu anahitaji vyote viwili. Kufungwa mara moja hakutoshi: hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mishipa iishe, kisha hukaguliwa tena baadaye. Wengi huishia awamu ya kwanza kwa sababu nauli na pesa ya kipimo imekwenda kwenye mfuko wa India. Kwa maoni yangu huo ni mpangilio mbaya wa michango, na wenyekiti wa vikao hivyo nawaomba waupindue.

Jihadharini na duka la dawa pia. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, dawa ambazo kila mtu huziomba mgongo ukiuma, huweza kuchochea kutokwa damu na kuharibu figo za mgonjwa wa ini. Parasetamoli ni salama zaidi, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Pombe iachwe kabisa. Na msimnyime mgonjwa samaki, mayai na maharage kwa hofu ya ini. Anahitaji nguvu ili aweze kuhimili upasuaji.

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa wana jambo lao. Kichocho cha tumbo hutia makovu yanayoziba njia ya damu ndani ya ini wakati ini lenyewe mara nyingi bado linafanya kazi vizuri. Kijana wa namna hii kwa kawaida hahitaji ini jipya. Prazikwanteli itaua minyoo, lakini makovu ya muda mrefu hayaondoki kirahisi, kwa hiyo naye anahitaji endoskopi.

Kwa wazazi: mtoto mchanga mwenye macho ya njano baada ya wiki 2, na choo cheupe kama chokaa, apelekwe hospitali mara moja. Njia za nyongo zikiwa zimeziba, upasuaji hufanya vizuri zaidi kabla ya siku 60. Wengi wao baadaye huhitaji kupandikizwa ini, nao hupata mishipa hii. Kwa watoto ushahidi wa dawa ni mdogo kuliko kwa watu wazima, hivyo uamuzi ni wa daktari bingwa wa watoto. Usimkatie mtoto kidonge cha babu yake. Tazama choo. Dawa ya kuongeza damu hukifanya kiwe cheusi, lakini choo chenye damu hunata kama lami na hunuka vibaya.

Damu ikitoka, mlaze ubavu, asile wala kunywa, mkimbilie hospitali na mseme mapema kwamba ana ugonjwa wa ini. Atahitaji dawa ya kushusha presha ya tumboni, antibayotiki, na endoskopi ndani ya saa 12 hali yake ikitulia. Msigombane na wauguzi mkidai chupa nyingi za damu. Utafiti wa Barcelona uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wengi hupona vizuri zaidi wakisubiriwa mpaka himoglobini ishuke chini ya 7 ndipo waongezwe, kwani damu ikizidi hupandisha presha ile ile iliyopasua mshipa.

Anayeishi mbali ajue leo ni hospitali gani ya karibu yenye endoskopi. Na kwenye faili la safari, pamoja na pasipoti, wekeni majibu ya endoskopi, tarehe ya mwisho ya kufungwa mishipa na kiasi cha dawa anachomeza, maana ni maswali ambayo madaktari wa huko watauliza siku ya kwanza.