Reli ya Kilosa na Mikumi: tutembee pembeni, si juu yake

Mgonjwa wa presha au wa sukari akiambiwa na tabibu "fanya mazoezi", mara nyingi hucheka. Anadhani tunamtaka avae bukta akimbie uwanjani mbele ya watoto wa shule. Mama mtu mzima ndiyo kabisa, anakutazama kama umemvunjia heshima. Kumbe tunachokitaka ni kutembea tu, mwendo wa haraka kidogo, ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kusoma kaswida. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, na ndicho kiwango cha chini kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima.

Mgonjwa anauliza: nitembee wapi? Swali lake ni la haki. Mkazi wa Mikumi akitoka nje anakutana na barabara kuu ya Iringa na Zambia, malori yanapishana kama yanayokimbizwa. Akielekea upande wa hifadhi, kuna tembo. Kwetu Kilosa ni vumbi kiangazi na tope masika. Ndiyo maana watu wa wilaya hii, bila kufundishwa na yeyote, hupita relini. Tuta la reli limeinuliwa, halina vilima vya kukata pumzi, na mvua ikikatika ndilo la kwanza kukauka.

Ninaizungumzia reli ya tawi, ile inayochepuka Kilosa kutoka Reli ya Kati, ikapita Mikumi na kwenda hadi Kidatu, ambako ilifika miaka ya 1960 na ambako inakutana na TAZARA. (Kukutana huko ni kwa kupeana mikono tu, kwani upana wa moja ni milimita 1,000 na wa nyingine ni 1,067, hivyo mzigo lazima uhamishwe.) Maoni yangu ni kwamba pembeni ya reli hii, inapopita kwenye makazi, iwekwe njia rasmi ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli, na sisi wenyewe ndio tuidai.

Usiseme hizo ni habari za Ulaya. Kwanza Ulaya ni kata ya wilaya yetu wenyewe! Pili, Singapore walikuwa na reli nyembamba ya upana kama huu wetu. Ilipoacha kufanya kazi mwaka 2011 hawakuigawa viwanja. Waliifanya njia ya kutembea na baiskeli yenye urefu wa kilomita 24. Na Madina leo ipo njia ya waenda kwa miguu kati ya Msikiti wa Mtume na Msikiti wa Quba, kama kilomita 3. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akienda Quba kila Jumamosi, mara kwa kipando na mara kwa miguu. Kila wiki, kwa siku maalumu. Hivyo ndivyo tunavyomtaka mgonjwa wa presha afanye, awe na siku zake.

Tofauti yetu na Singapore ni kwamba reli yetu haijafutwa, ni mali ya Shirika la Reli. Hapa naomba tuelewane vizuri. Watu huzoea reli isiyo na treni nyingi, siku zinapita hawajasikia honi, mwishowe wanaanika mpunga juu yake na watoto wanacheza. Siku kiberenge kikitokea kwenye kona hakuna wa kumuuliza. Isitoshe, mataruma yamepangwa kwa ajili ya treni, si kwa hatua ya binadamu. Ukikanyaga moja moja hatua inakuwa fupi mno, ukiruka mawili inakuwa ndefu mno, na muda wote macho yako yako chini. Kokoto nazo zinateguza kifundo cha mguu. Kwa hiyo juu ya reli si mahali pa mazoezi, na sheria pia hairuhusu. Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, imewekewa uzio. Huo usiparamiwe hata kwa njia ya mkato.

Njia ya pembeni ikipatikana, itatuuliza usafi wetu. Ukweli usemwe: pembeni ya reli tumepageuza choo na jalala. Kinyesi kikibaki kwenye udongo wenye unyevu, mayai ya minyoo ya safura huanguliwa, na viluwiluwi vyake hupenya kwenye ngozi ya mguu usio na kiatu. Minyoo hiyo hunyonya damu utumboni, na mama mjamzito au mtoto anaishiwa damu. Mtume (s.a.w.) alikataza kujisaidia kwenye njia ya watu na kwenye kivuli chao, na sisi tunachafua vyote viwili kwa mara moja. Taka nazo huziba makalavati chini ya tuta. Watu wa Kilosa waliyoyaona mafuriko ya mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulipofurika na kuing'oa reli, hawahitaji kukumbushwa maji yasiyo na njia hufanya nini.

Mgonjwa wa sukari asitembee peku wala na kandambili. Miguu yake huwa na ganzi, anaweza kuchomwa na mwiba asijue, wiki ya pili ni kidonda, na baadaye tunazungumzia kukata. Avae raba iliyofunika vidole. Udhu umempa fursa ya kuitazama miguu yake mara kadhaa kwa siku: apitishe kidole katikati ya vidole, aangalie nyayo, kisha akaushe vizuri.

Sasa kina baba. Ninyi ndio kikwazo kikubwa kuliko kokoto. Mke akitembea kilomita tano na ndoo au mzigo wa kuni hakuna anayeona ajabu, lakini akitembea moja kwa ajili ya afya yake ni uhuni. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.), wakiwa safarini. Basi toka naye baada ya Alfajiri kukipambazuka, au baada ya Alasiri jua likipoa. Au watoke kina mama wanne watano pamoja, kwa stara zao. Anayeumwa magoti apewe baiskeli ya kike isiyo na chuma cha katikati, maana baiskeli haiyabebeshi magoti uzito wa mwili kama kutembea.

Kamati za misikiti ya Kilosa na Mikumi zikae na serikali za mitaa, waandike barua moja kwa halmashauri na Shirika la Reli. Waombe mambo matatu tu: mita mbili za njia mbali na tuta, alama sehemu za kuvukia, na ruhusa ya kufyeka majani ambamo nyoka hujificha. Mapanga tunayo, na Jumapili moja kwa mwezi vijana wa madrasa wanaweza.