Sina Nafasi

Katika siku zetu hizi, neno lisemwalo mara nyingi kuliko mengine ni hili: "Sina nafasi." Mfanyabiashara hulisema, karani hulisema, mwalimu hulisema, na hata mtoto wa darasa la sita, ukimwomba aende kumjulia hali bibi yake, hujibu, "Sina nafasi, nina kazi ya shule." Mimi sisemi kwamba watu hawa ni waongo. Kazi ni nyingi kweli. Lakini naona ya kuwa neno hili lina hila ndani yake, maana hutufanya tuamini kwamba iko siku itakayokuja isiyo na kazi, nayo ndiyo tutakayowaendea wapenzi wetu. Siku hiyo haiji. Mungu amempa kila mtu saa 24 kwa siku, mfalme na mchunga mbuzi sawasawa, wala hakuna aliyeongezewa hata moja kwa ajili ya kuwatembelea ndugu zake. Mwenye kutaka nafasi hana budi kuitenga.

Nitawaeleza nilivyojifunza jambo hili, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Nalipokuwa kijana, mjomba wangu ndiye aliyenipeleka shule. Kwetu ni milimani, juu ya Kilosa. Na kila mwanzo wa muhula alijitwika sanduku langu la bati, akaenda nami kwa miguu mwendo wa saa tatu hata kituo cha gari moshi. Hakunidai kitu. Nilipopata kazi Dar es Salaam nalimpenda kama zamani, lakini sikwenda kumwona. Aliniletea salamu mara tatu, akisema, "Mpwa wangu, njoo nikuone." Kila mara nalijibu kwamba nina kazi, nikampelekea fedha kwa simu, nikajiona nimetimiza wajibu wangu.

Mwaka wa tatu nikaenda. Nalimkuta ameketi barazani. Nikasema, "Shikamoo, Mjomba." Akaitikia, "Marahaba," kisha akainua mikono akanipapasa uso, tangu paji hata kidevu. Ndipo nilipojua ya kuwa haoni. Akasema, "Fedha zako zote zilifika, mwanangu. Wewe ndiye uliyechelewa."

Tulimpeleka hospitali. Daktari akatuambia kwamba ni presha ya macho, maradhi ambayo mara nyingi huharibu mshipa wa fahamu wa jicho polepole, bila maumivu. Yakigunduliwa mapema, dawa ya matone yaweza kuyazuia. Lakini nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Ningalikwenda aliponiita mara ya kwanza, labda ningalimwona akijikwaa kizingitini, au akimimina chai nje ya kikombe, nikauliza sababu. Fedha nilizompelekea zilinunua unga na sukari, lakini fedha hazina macho ya kumtazama mtu.

Sisemi kwamba kupeleka fedha au kupiga simu ni vibaya. Tangu watu wa Kenya walipoanza kupelekeana fedha kwa M-Pesa mwaka 2007, na sisi wa Tanzania mwaka uliofuata, wazee wengi wamepata msaada siku ile ile waliyouhitaji. Lakini fedha na salamu zafaa kumtangulia mtu, si kushika mahali pake.

Labda utauliza, "Mtu mwenye shughuli kubwa afanye nini?" Mtazame Mtume Paulo. Nani alikuwa na kazi nyingi kuliko yeye? Walakini mwisho wa waraka wake kwa Warumi aliwasalimu watu wengi, wengi wao kwa majina yao. Na katika waraka wa pili kwa Timotheo, akiwa kifungoni, alimwomba rafiki yake huyo afanye bidii kumjia kabla ya wakati wa baridi, amletee na joho aliloliacha Troa kwa Karpo. Angalieni: mtu yule aliyeandika nyaraka nyingi alijua ya kuwa waraka peke yake hautoshi.

Tena watazameni Wachaga. Wengi wao hufanya kazi na biashara Dar es Salaam na katika miji mingine, wala hawajulikani kwa uvivu. Lakini kila mwezi wa Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa, maana watu hurudi Kilimanjaro kula Krismasi pamoja na wazee wao, safari ya zaidi ya kilomita 500. Je, watu hao hawana shughuli? Wanazo; ila siku ile imekwisha kutengwa, na shughuli huipisha.

Ninyi wanafunzi, wengi wenu hamhitaji basi. Kwanza, chagueni siku. Kila Jumapili baada ya ibada, nenda kwa bibi yako, hata kwa nusu saa. Mchotee maji, au msomee barua yake, kwa kuwa undugu ni kufaana, si kufanana. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mjukuu mwema hulishika jembe siku ya kwanza.

Pili, mkumbuke rafiki aliyehamia shule nyingine, au aliyekosa karo akabaki nyumbani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mwandikie, wala usingoje mpaka upate habari kubwa. Barua ya mistari mitano iliyofika ni bora kuliko ndefu iliyobaki moyoni mwako.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi bora ni yule asiyeinua macho yake kitabuni. Bidii ni njema, nami naisifu. Lakini elimu hiyo imelipiwa na nani? Imelipiwa na hao hao tunaowaambia kwamba hatuna nafasi. Mtu aliyekutwikia sanduku asipate hata nusu saa yako, kitabu kimekufundisha nini?

Mjomba wangu yu hai. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naenda kwake. Hanioni, lakini huzitambua hatua zangu, akaniita kwa jina kabla sijapiga hodi. Kazi zangu hazikupungua hata moja. Naliweza kufanya hivi tangu mwanzo. Basi, wanafunzi, nendeni mapema, wakati wanaowapenda bado wanaweza kuwaona.