Mwiba wa Mathenge na Tairi la Baiskeli

Kutoka Lodwar, na Josephine Akiru

Wiki iliyopita nilikaa kwa fundi wa baiskeli Kakuma, kando ya njia ya kuingia kambi ya wakimbizi. Katika muda mfupi niliokuwa pale aliziba pancha tatu. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye beseni la maji mpaka mapovu yatoke, anaikausha, anaikwaruza kwa msasa, anapaka gundi, anabandika kiraka. Kabla ya kuirudisha, alipitisha kidole polepole ndani ya tairi zima, akitafuta ncha ya mwiba. Ikibaki humo, mteja atarudi kabla jua halijatua.

Mwiba huo ni wa mathenge. Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini huu hatukujichoma. Mti huo tuliletewa miaka ya 1980 ili uzuie jangwa, ukatapakaa kandokando ya mito ya Turkwel na Tarach hadi ukafika barabarani.

Nimechoka kuambiwa kwamba baiskeli imepitwa na wakati Turkana kwa kuwa tumepata pikipiki. Tangu mwanzo, kufaa kwa baiskeli kumetegemea njia na tairi. Mjerumani Karl von Drais alipotengeneza chombo chake cha mbao mwaka 1817, hakikuwa hata na pedeli; mpandaji alijisukuma kwa miguu. Pedeli zilifungwa kwenye gurudumu la mbele huko Ufaransa miaka ya 1860. Mwaka 1885, mjini Coventry, Uingereza, John Kemp Starley akatoa Rover, ambayo mnyororo wake ulizungusha gurudumu la nyuma. Iweke kando ya baiskeli ya Black Mamba inayobeba magunia Kakuma leo, utaona ni ndugu. Ila mpira wa Rover ulikuwa mgumu, na kila jiwe lilimfikia mpandaji mgongoni. Nafuu ilikuja mwaka 1888, pale John Boyd Dunlop wa Belfast alipopata hataza ya tairi la upepo, baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Dunlop alikuwa daktari wa mifugo. Sisi wafugaji tuna kila sababu ya kulikumbuka jina lake.

Tairi hilo ndilo lililowabeba vijana wa Busia walioanzisha boda boda miaka ya 1960, wakivusha abiria mpakani kwa baiskeli. Kazi hiyo ilifika hadi Kakuma. Baada ya kambi kufunguliwa mwaka 1992, na kabla pikipiki hazijajaa, wakimbizi na wenyeji walibeba watu na mgao wa chakula kwenye keria. Haikuhitaji petroli. Ilihitaji miguu, pampu na njia isiyo na miiba.

Sasa lami imefika, kutoka Lodwar kupita Kakuma. Lakini malori yakipita kwa kasi, mwenye baiskeli husukumwa pembeni, na pembeni ndiko mathenge ilikoangusha matawi yake. Mwanafunzi wa Kalobeyei anayechomwa tairi asubuhi huisukuma baiskeli hadi shuleni, na kipindi cha kwanza kimempita.

Naomba mamlaka ya barabara kuu na serikali ya kaunti yetu: fyekeni mathenge kando ya lami, mfagie miiba, na mtenge njia ya baiskeli mjini Lodwar na kati ya Kakuma na Kalobeyei. Anzeni kabla shule hazijafunguliwa.