Kwa Nini Hadubini Haioni Kila Kitu

Wako wadhanio kwamba hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, yaweza kuonyesha kila kilichomo katika tone la damu, mradi iongezewe nguvu. Sivyo. Upo mpaka, nao watokana na tabia ya nuru yenyewe.

Nuru husafiri kama mawimbi. Mawimbi ya ziwa yakiisha kupita katika mlango mwembamba wa bandari, hutanuka pande zote. Nuru nayo hufanya vivyo hivyo ipitapo katika tundu. Na kadiri tundu lilivyo dogo, ndivyo inavyotanuka zaidi. Jaribuni wenyewe: wekeni vidole viwili karibu kugusana mbele ya jicho, mkatazame mwanga wa taa katika ufa ule. (Jua msilitazame kamwe.) Mtaona humo mistari myembamba myeusi.

Kwa sababu hiyo, nukta ya nuru ipitayo katika jicho au lenzi haibaki nukta, bali huwa duara dogo. Nukta mbili zikikaribiana mno, duara zao hupandana, nasi huona kitu kimoja. Mboni ya jicho ina upana wa milimita 3 hivi mchana. Basi alama mbili zilizoachana milimita 1, zikiwa mbali mita 5 hivi, kwa kawaida huonekana moja. Ndiyo maana watazamao nyota hutaka darubini zenye vioo vipana.

Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba hadubini ya nuru haiwezi kutenga vitu vilivyokaribiana kupita nusu ya urefu wa wimbi la nuru, yaani milimita 0.0002 hivi. Ukizidi kukuza, wakuza ukungu tu.

Chembe nyekundu ya damu ina upana wa milimita 0.007 hivi, kwa hiyo vijidudu vya malaria vilivyomo ndani yake huonekana. Lakini mwaka 1976, ugonjwa wa kutisha ulipozuka kwenye hospitali ya misioni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo, damu ya mtawa mmoja mgonjwa ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji. Virusi vya Ebola vina unene wa milimita 0.00008 hivi tu. Hadubini ya elektroni, ambayo mawimbi yake ni mafupi mno kuliko ya nuru, ndiyo iliyoonyesha umbo lake, mfano wa uzi.

Tangu hapo wataalamu wamepata njia ya kuuzunguka mpaka wa Abbe, kwa kuwasha molekuli chache chache kwa zamu. Watatu wao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Lakini hadubini ya zahanati ingali chini ya sheria ileile.

Basi, mgonjwa aambiwapo kwamba hadubini haikuonyesha kitu, asiseme hana ugonjwa, wala jamaa zake wasimshtaki jirani kwa uchawi. Na arudi kwa mganga, akaombe vipimo vingine. Kisichoonekana huenda ni kidogo tu kuliko wimbi la nuru.